Kaskazi, Kusi na Ndege: Historia ya Safari kati ya Maskati na Zanzibar

Kati ya Maskati, mji mkuu wa Oman, na mji wa Zanzibar uliopo kisiwani Unguja, kuna masafa ya kilomita 3,900 hivi kwa mstari ulionyooka, na ndege ya abiria iendayo moja kwa moja huyakata masafa hayo kwa saa 5 na nusu hivi. Takwimu hizo ni sahihi, lakini zinaeleza sehemu ndogo tu ya uhusiano wa bandari hizi mbili, kwa sababu kwa karne nyingi hapakuwa na nahodha, tajiri wala mtawala aliyeweza kutaja idadi ya siku za safari bila kwanza kuulizwa anakusudia kuondoka mwezi gani. Jahazi lililong'oa nanga Maskati mwanzoni mwa Januari liliweza kutia nanga Unguja baada ya wiki 3 au 4, ilhali lililochelewa hadi Mei lilikuwa limejifungia lenyewe njia ya kusini, na wenye mali yao hawakuwa na la kufanya ila kusubiri hadi karibu na mwisho wa mwaka. Kwa hiyo historia ya safari hii ni historia ya kungoja kwanza, na ya mwendo baadaye. Na mambo mengi yaliyozaliwa pwani ya Afrika Mashariki, tangu ndoa na nasaba hadi dola nzima, yalizaliwa katika kipindi hicho cha kungoja.

Pepo zinazotawala sehemu hiyo ya Bahari ya Hindi ni mbili. Ya kwanza ni kaskazi, inayovuma kutoka kaskazini-mashariki tangu Novemba au Desemba hadi Machi, wakati bara la Asia linapopoa kuliko bahari na hewa yake nzito ikasukumwa kuelekea ikweta. Ya pili ni kusi, inayoanza Aprili na kudumu hadi Septemba, wakati bara hilohilo linapopata joto kali, hewa yake ikapanda juu, na hewa yenye unyevu kutoka kusini mwa ikweta ikavutwa kujaza nafasi, ikipita kando ya pwani ya Uswahili na Somalia kabla ya kupinda kuelekea Bara Hindi. Katikati ya pepo hizo kuna kipindi cha tanga mbili, ambapo upepo haujatulia upande mmoja na chombo kinaweza kusukumwa huku na huko bila kupiga hatua ya maana.

Ingekuwa kosa, hata hivyo, kudhani kwamba kusi ni kaskazi iliyogeuzwa uso. Mwezi wa Juni na wa Julai kusi huvuma kwa ukali mkubwa mno mbele ya pwani za Somalia na Arabia ya kusini, mawimbi yakawa makubwa kiasi kwamba vyombo vya mbao havikuthubutu kukaribia bandari za huko. Kwa sababu hiyo safari ya kurudi Maskati ilikuwa na milango miwili tu: wa kwanza ulikuwa Aprili na Mei, kabla kusi haijapata nguvu zake zote, na wa pili ulikuwa Agosti na Septemba, wakati wa demani, upepo ulipokwisha kupoa. Nahodha aliyekosa mlango wa kwanza alikaa Unguja, Mombasa au Lamu mpaka wa pili. Na aliyekosa wa pili alikaa mpaka mwaka mwingine, maana baada yake kaskazi ilirudi na kumpiga usoni.

Katika mazingira hayo kalenda ilikuwa chombo cha bahari sawa na tanga na usukani. Kalenda ya Kiislamu, inayofuata mwezi mwandamo, hurudi nyuma kwa siku 11 hivi kila mwaka ikilinganishwa na mwendo wa jua, kwa hiyo haikuweza kutumika kutabiri pepo: Ramadhani ya mwaka mmoja huangukia kaskazi, na baada ya miaka kadhaa huangukia kusi. Waswahili walitatua tatizo hilo kwa kutumia pia mwaka wa jua, unaoanza siku ya Nairuzi, ambayo hadi leo huadhimishwa Makunduchi kwa sherehe ya Mwaka Kogwa. Mwaka huo wenye siku 365 waligawa katika miongo, kila mwongo ukiwa na siku 10, na mwishoni wakaongeza siku zilizobaki. Mtu aliyejua kuhesabu miongo tangu Nairuzi alijua lini mvua za masika zingeanza, lini mkulima apande, na lini mwenye chombo akipake sifa, yaani mafuta ya papa, amalize deni lake na awaage jamaa. Elimu hiyo haikuandikwa sana, lakini uchumi mzima wa pwani uliitegemea, na inastahili kuhesabiwa miongoni mwa kazi kubwa za akili za Waswahili.

Mabaharia wa Arabia nao walikuwa na namna yao ya kupima masafa, ambayo inaonyesha wazi jinsi muda na umbali ulivyokuwa kitu kimoja katika fikra zao. Kipimo chao kiliitwa zam, nacho ni masafa yanayokwendwa na chombo kwa saa 3 za upepo wa kawaida, hivyo mchana na usiku mzima ulifanya zam 8. Ili kujua walipofika upande wa kaskazini au kusini, walitumia kamal, kibao kidogo cha mstatili chenye uzi uliopigwa mafundo. Rubani aliuma fundo moja kwa meno, akakisogeza kibao mbele mpaka uzi ukanyooka, ukingo wa chini ukagusa upeo wa bahari na wa juu ukagusa nyota ya kaskazini. Kila fundo liliwakilisha bandari fulani au kimo fulani cha nyota, na kimo hicho kilihesabiwa kwa vidole, kila kidole kikiwa zaidi kidogo ya nyuzi 1 na nusu. Chombo kilichotoka Maskati kwenda kusini kiliiona nyota hiyo ikishuka usiku baada ya usiku mpaka ikazama kabisa karibu na ikweta, na kutoka hapo rubani alilazimika kutegemea nyota nyingine. Ahmad ibn Majid, rubani mkuu wa karne ya 15 aliyezaliwa Julfar katika Ghuba, aliandika vitabu vinavyokusanya elimu hiyo pamoja na tarehe zinazofaa kuanzia safari kutoka kila bandari.

Ushahidi wa utii huo kwa upepo umo katika habari za wasafiri. Ibn Battuta, aliyefika Mogadishu, Mombasa na Kilwa mwaka 1331, hakuendelea kusini zaidi bali alipanda chombo kutoka Kilwa hadi Dhofar, ambayo leo ni sehemu ya Oman. Ushahidi mkali zaidi ni wa nahodha Mreno Vasco da Gama, ingawa njia yake ilielekea Bara Hindi. Mwezi wa Aprili 1498, akiwa na rubani aliyempata Malindi, aliondoka kusi ikiwa inaanza na akaifikia pwani ya Kalikut kwa siku 23 hivi. Lakini mwezi wa Oktoba mwaka huohuo alianza kurudi kabla kaskazi haijasimama, akahangaika baharini karibu miezi 3 kabla ya kuiona Mogadishu mwanzoni mwa Januari 1499, na mabaharia wake wengi walikufa kwa kiseyeye, ugonjwa unaoletwa na kukosa vyakula vibichi. Vyombo vilikuwa vilevile na bahari ileile, na tofauti ya siku 23 na miezi 3 ilikuwa bei ya kutosikiliza maarifa ambayo kila nahodha wa pwani alikuwa nayo.

Vita pia vilipangwa kwa kalenda hiyo. Baada ya Waomani kuwafukuza Wareno kutoka Maskati mwaka 1650, mapambano yalihamia pwani ya Afrika Mashariki, na merikebu za Oman zilitokea mbele ya Ngome ya Yesu, Mombasa, mwezi wa Machi 1696, yaani mwishoni mwa kaskazi. Kuzingirwa kwake kulidumu karibu miaka 3, na ngome ikaanguka Desemba 1698, kaskazi ilipokuwa imerudi. Urefu wa vita hivyo mara nyingi huelezwa kwa ushujaa wa waliomo ndani na ukaidi wa walio nje, lakini ni lazima ikumbukwe kwamba pande zote mbili zilipata chakula na askari wapya kwa mwendo wa msimu, Waomani kutoka Maskati na Wareno kutoka Goa, na kwamba msaada uliokosa upepo ulikuwa sawa na msaada usiokuwepo.

Mtu aliyeishi kati ya miji hii miwili kuliko mwingine yeyote alikuwa Seyyid Said bin Sultan, aliyetawala Oman tangu mwanzoni mwa karne ya 19. Alifika pwani ya Afrika Mashariki mwanzoni mwa 1828, akavutiwa na Unguja, na katika miaka ya 1830 akahamishia huko kitovu cha utawala wake hatua kwa hatua, akistawisha mashamba ya mikarafuu yaliyokifanya kisiwa hicho kiwe na utajiri wa ajabu. Uamuzi huo ulimpa tatizo ambalo hakulimaliza maisha yake yote: alikuwa na dola yenye vichwa viwili vilivyotenganishwa na bahari, na habari ya uasi uliozuka Oman mwezi wa Juni isingeweza kumfikia kwa wepesi, wala jeshi lake lisingeweza kwenda huko pale tu alipotaka. Ndiyo maana aliwaweka wanawe kuwa magavana wenye mamlaka makubwa, Thuwaini upande wa Maskati, na Khalid na baadaye Majid upande wa Zanzibar. Wanahistoria wengine wameuona mpango huo kuwa udhaifu wa utawala; hoja yenye nguvu zaidi ni kwamba hapakuwa na mpango mwingine uliowezekana kwa mtawala ambaye amri yake ilisafiri kwa tanga.

Mwaka 1854 Seyyid Said alikwenda Oman kushughulikia mgogoro na Waajemi, na katika safari ya kurudi Unguja akafariki ndani ya merikebu yake iitwayo Victoria, tarehe 19 Oktoba 1856, karibu na visiwa vya Ushelisheli. Mahali hapo penyewe panafundisha jambo kuhusu njia, kwani Ushelisheli iko mbali sana mashariki mwa mstari unaounganisha Maskati na Unguja. Mwezi huo wa Oktoba kusi ilikuwa inakwisha na kaskazi haijaja, na merikebu iliyotaka kwenda kusini haikuweza kufuata pwani bali ilipaswa kutafuta upepo mbali katikati ya bahari. Mwanawe Barghash, aliyekuwamo safarini, aliufikisha mwili Unguja akajaribu kunyakua madaraka bila kufanikiwa, na Majid akashika utawala. Thuwaini, aliyekuwa Maskati, hakukubali dola igawanywe. Mwanzoni mwa 1859, ndani ya msimu wa kaskazi, akatuma vyombo vya vita kuishambulia Zanzibar, vikarudishwa njiani na Waingereza. Tarehe 2 Aprili 1861 Lord Canning, mtawala mkuu wa Uingereza nchini India, alitoa uamuzi kwamba Zanzibar na Oman ziwe nchi mbili, na Zanzibar iilipe Oman riale 40,000 kila mwaka.

Upepo uleule uliobeba tende, mazulia na papa mkavu kwenda kusini, na karafuu, pembe za ndovu na boriti kwenda kaskazini, ulibeba pia watumwa. Binadamu waliokamatwa bara na kuuzwa katika soko la Unguja walipakiwa kwenye vyombo mwanzoni mwa kusi, na wengi wao hawakupata kamwe msimu wa kurudi. Mkataba wa 1845 kati ya Seyyid Said na Uingereza, ulioanza kufanya kazi mwaka 1847, ulikataza kuwapeleka watumwa Arabia, lakini biashara iliendelea kwa siri, na manowari za Kiingereza zilijifunza kuvizia pwani ya Arabia wakati wa kusi kwa sababu zilijua ni majuma gani vyombo kutoka Afrika Mashariki vingeanza kuonekana. Mkataba mwingine, wa 1873, ulifunga soko lenyewe. Historia yoyote ya safari hii inayosifu tanga bila kuwataja watu hao inakuwa imeandika nusu ya orodha ya abiria.

Mwaka 1872 ulikuwa mwaka wa mgeuko. Mwezi wa Aprili kimbunga kiliipiga Unguja, kikang'oa sehemu kubwa ya mikarafuu na kuharibu merikebu za Barghash, ambaye wakati huo ndiye aliyekuwa sultani, zilizokuwa bandarini; na mwishoni mwa mwaka huohuo kampuni ya meli ya British India ilianza kuleta barua na abiria kila mwezi kati ya Aden na Zanzibar, ikinufaika na Mfereji wa Suez uliofunguliwa mwaka 1869. Meli ya mvuke haikungoja mwongo wala Nairuzi. Hata hivyo haikuisogeza Maskati karibu na Unguja kama ilivyotarajiwa, kwa kuwa njia za meli zilipangwa kwa mahitaji ya himaya ya Uingereza: msafiri wa Maskati alipaswa kwenda kwanza Bombay au Aden, akabadilisha meli huko, kisha akashuka kusini. Mwaka 1879 waya wa simu uliopitishwa chini ya bahari uliiunganisha Zanzibar na Aden, na kwa mara ya kwanza habari ikaweza kuitangulia meli kwa majuma mazima.

Jahazi halikufa kwa hayo. Watu wa Sur, bandari ya Oman maarufu kwa ujenzi wa vyombo, na wenzao wa Kuwait waliendelea kuja kila kaskazi hadi katikati ya karne ya 20, kwani upepo hauna nauli na meli za mvuke hazikuwa na haja ya kusimama kwenye kila hori. Alan Villiers, baharia na mwandishi kutoka Australia, alisafiri na chombo cha Kuwait katika msimu wa 1938 hadi 1939, akashuhudia mabaharia wakikaa siku nyingi katika delta ya Rufiji wakipakia boriti, yaani magogo ya mikoko yaliyotumika kuezekea nyumba za Ghuba. Magogo hayo yalibebwa moja moja kwenye matope hadi ubavuni mwa chombo, yakapangwa tumboni mpaka pasibaki nafasi, na mengine yakarundikwa juu ya sitaha. Urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa vyumba vingi vya nyumba za kale katika pwani zote mbili.

Ndege zilipofika zilirudia kwanza mtindo wa meli. Shirika la Imperial Airways lilifungua njia ya London hadi Mwanza mwaka 1931 na kuirefusha hadi Cape Town mwaka 1932, na mwaka huohuo likahamishia upande wa Waarabu wa Ghuba, kupitia Sharjah, njia yake iendayo India. Njia hizo mbili zilikutana Misri, maelfu ya kilomita kaskazini, na hazikuwa na kiungo kinachovuka bahari kati ya Arabia na Uswahilini. Maskati yenyewe ilikuwa na uwanja mdogo tu wa Bait al Falaj, uliobanwa na milima.

Kisha siasa ikafanya ambalo upepo haukuwahi kufanya. Zanzibar ilipata uhuru tarehe 10 Desemba 1963, na Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yakaung'oa usultani. Maelfu waliuawa au kukimbia, baadhi yao wakivuka kwa vyombo kwenda Ghuba. Serikali ya Sultani Said bin Taimur wa Oman haikuwa na hamu ya kuwapokea kwa wingi, na wengi waliishia Dubai, Kuwait, Misri au Uingereza. Alipoingia madarakani Sultani Qaboos, tarehe 23 Julai 1970, aliwaita Waomani waliotawanyika warudi kujenga nchi, na waliotoka Zanzibar, wengi wao wakiwa wamesoma, wakaingia hospitalini, mashuleni na katika ofisi za serikali, Kiswahili kikawa lugha ya kawaida katika mitaa ya Maskati. Uwanja wa kimataifa wa Seeb ulifunguliwa mwaka 1973, shirika la Oman Air likaanzishwa mwaka 1993, na hatimaye ndege za moja kwa moja zikaanza kutua Unguja.

Ndege hizo huruka kwenye kimo cha kilomita 10 au 11, na kwa hiyo hupita juu kabisa ya upepo uliokuwa ukiwaamuru manahodha. Sehemu yenye nguvu ya kusi, ambayo mtaalamu wa hali ya hewa J. Findlater aliichunguza katika miaka ya 1960, ni mkondo mwembamba wa hewa unaokimbia karibu na pwani kwenye kimo cha kilomita 1 na nusu hivi, chini sana ya njia ya ndege. Ni wakati wa kutua tu ambapo msimu hujitokeza tena: ndege hutua kwa kuukabili upepo, na kwa kuwa njia ya kurukia ya Unguja imelala kaskazini na kusini, mara nyingi rubani huijia kutoka kusini wakati wa kaskazi na kutoka kaskazini wakati wa kusi. Saa nazo huleta tofauti yake, kwani Maskati iko mbele ya Zanzibar kwa saa 1, na abiria wa kwenda kusini hufika akiwa na saa moja mkononi ambayo huirudisha wakati wa kurejea.

Safari iliyochukua muda mrefu kuliko zote haikuchelewa kwa sababu ya mashine wala upepo. Jamshid bin Abdullah, sultani wa mwisho wa Zanzibar, aliishi uhamishoni Uingereza tangu 1964, na maombi ya kuhamia Oman, nchi ya babu zake, hayakukubaliwa hadi Septemba 2020. Alifariki Maskati tarehe 30 Desemba 2024, akiwa na umri wa miaka 95. Kufikia wakati huo wajukuu wa waliokimbia mwaka 1964 walikuwa wamekwisha kuzoea kwenda Unguja au Pemba wakati wa likizo, kuhudhuria harusi za binamu zao Mji Mkongwe au Wete, na kurudi Maskati kabla shule hazijafunguliwa.